Neno Lililokatazwa Mtaroni

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili ni la binti yetu. Kurasa za mbele zina hesabu zake za kugawanya, na nyingi mwalimu kazikosoa kwa wino mwekundu. Mke wangu, wewe ndiye uliyelitia mfukoni mwangu ukasema, "Kila ukirudi nakuuliza habari za huko, unanijibu 'kazi tu'. Mwaka huu andika. Nitasoma mwenyewe." Nikakuambia shule niliiacha darasa la sita. Ukasema darasa la sita linatosha kusema kweli.

Haya basi. Kazi tu.

Jumanne, Machi 4

Ninacheka mwenyewe kwa nilichoandika jana, lakini nimechoka, siwezi kuongeza.

Alhamisi, Machi 6

Tumepata chumba nyuma ya gereji. Vitanda vitatu, dirisha moja linalotazama ukuta. Kitanda cha kwanza changu, cha pili cha mdogo wako, cha tatu cha fundi mbao wa hapa kazini. Fundi huyu watu wote wanamwita Misumari, kwa sababu mchana kutwa anaibana misumari midomoni, na ukimsemesha anakujibu kupitia katikati yake. Umri wake unanipita kidogo. Anakoroma kama msumeno wake.

Kazi ni mtaro wa mabomba ya maji machafu, kutoka bondeni hadi barabara kuu. Mabomba ni ya zege, mtu mzima anaweza kutambaa ndani. Mtaro unapozidi urefu wa mtu, Misumari anazikinga kuta kwa mbao, anakaza kwa miti katikati, ndipo sisi tunashuka. Wanataka bomba lifike barabarani kabla mvua hazijakolea.

Mdogo wako ana afya. Nalisema hili mapema kwa sababu mama yako pale kituoni alinishika mkono, akaniambia, "Nakukabidhi huyu. Unirudishie kama alivyo." Hakuniambia nami nirudi.

Jumamosi, Machi 8

Getini pana ubao mkubwa wenye maandishi mekundu ya Kiingereza. Neno la mwisho ni refu, herufi kumi, nikalinakili kwenye kiganja: IMPOSSIBLE. Nikamuuliza shemeji linasemaje, yeye si kamaliza sekondari.

"Imposibo," akasema. "Kitu kisichowezekana. Ubao unasema kwetu hapa hakuna kitu kama hicho."

"Asiyeweza ni nani?"

"Hakuna mtu, shemeji. Ni kitu chenyewe hakiwezekani."

"Kwa hiyo kosa ni la kitu."

"Wewe ungemaliza shule ungewatesa walimu."

Lakini akanifundisha. Kutamka kwake, unakaza hapo penye *po*, mengine unayapitia haraka. Akasema pia kwamba neno hili halina kidogo. Kazi inaweza kuwa ngumu kidogo, ngumu sana, ngumu kupita kiasi. Imposibo ni imposibo, ama ndiyo ama siyo. Nimelirudia nikichimba, *imposibo*, udongo juu, *imposibo*, udongo juu. Linafaa kwa beleshi.

Jumatatu, Machi 10

Leo nimejua kuhusu medali.

Msimamizi wetu tunamwita Bwana Sawa, kwa kuwa wakubwa wakimwambia lolote anajibu "sawa" kabla hawajamaliza. Si mtu mbaya. Anajua majina ya watoto wa kila mtu. Yeye ndiye aliyeleta mchezo huu: mtu yeyote akitamka "haiwezekani" kazini, anavishwa shingoni kifuniko cha debe la rangi, rangi ile ile ya ubao wa getini. Kimetobolewa, kimepitishwa waya. Unashinda nacho hadi jioni. Leo kavishwa dereva wa winchi. Kasema haiwezekani kula wali huu kwa jinsi ulivyo mgumu. Tumecheka hadi machozi. Kila akiinama, kifuniko kinagonga usukani, *kwang*, na watu wanaitikia, "Bingwa!"

Jumatano, Machi 12

Mvua ya kwanza. Nyepesi.

Alhamisi, Machi 13

Amekuja mhandisi mpya. Mwanamke, mgeni wa nchi, Kiswahili hajui. Ana mitaro mingine miwili upande wa pili wa mji, hivyo kwetu anapita tu. Anauliza kwa Kiingereza, Bwana Sawa anatuuliza kwa Kiswahili, tunajibu, Bwana Sawa anamjibu. Ana buti kubwa kuliko zangu na anatazama macho ya mtu anapouliza, hata kama jibu litapitia kwa mwingine.

Jumatatu, Machi 17

Mvua tangu alfajiri. Mhandisi kaja, kauliza kuhusu mbao. Misumari akatoa misumari mdomoni, yote, akaishika kiganjani. Nilijua ana jambo.

"Mwambie mbao hazitoshi," akasema. "Huku mbele udongo ni wa kujazia, si wa asili. Kwa mbao hizi, kwenda mbele na kukinga nyuma kwa pamoja haiwezekani."

"Aaa!" wakapiga kelele vijana. "Medali! Medali!"

Bwana Sawa naye akacheka, akamvisha. Kisha akamgeukia mhandisi akasema maneno machache. Mhandisi akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha Misumari dole gumba, akaenda kwenye gari.

Nami nilicheka, mke wangu, usije ukadhani sikucheka. Misumari alirudisha misumari mdomoni na kazi ikaendelea, kifuniko kikimpiga kifuani.

Jioni nilimfuata shemeji. Nikamuuliza, Bwana Sawa alimwambia nini yule mhandisi?

"Alimwambia fundi anasema atajitahidi."

"Nawe ukanyamaza?"

"Mimi ni nani, shemeji? Bwana Sawa ananitafutia usaidizi. Msimamizi msaidizi. Nimkate kauli mbele ya bosi wake?"

Misumari alikuwa akinoa patasi kitandani kwake. Alisikia yote. Akaendelea kunoa.

Jumanne, Machi 18

Mvua.

Jumatano, Machi 19

Mvua. Pampu mbili badala ya moja.

Jumapili, Machi 23

Tumefua, tumelala. Shemeji kanipa somo jingine, nadhani anataka kunirudisha upande wake. Anasema neno lile lile la getini, Waingereza wenyewe wanamwita nalo mtu pia. Mtu imposibo ni yule usiyemuweza: hapatani na yeyote, ukimpa hiki anataka kile.

"Basi nimelielewa," nikasema. "Ni mama mkwe."

"Huyo unayemsema ni mama yangu mzazi!"

"Kwani nimesema uongo?"

Akafikiri kidogo. "Hujasema."

Misumari alicheka kitandani kwake, mara ya kwanza tangu medali. Akatuambia mke wake ndiye imposibo wa kwelikweli. Kila jioni anapiga simu kuuliza kama amekula, na akisema amekula anauliza amekula nini, na akitaja anasema hicho si chakula. Alipokuwa akisema hivyo simu ikalia. Ni yeye. Tukaangua kicheko, naye akatoka nje kwenda kusema amekula.

Alhamisi, Machi 27

Mbao zimeisha kweli. Tunachofanya sasa: asubuhi Misumari anang'oa mbao za nyuma, pale ambapo bomba limelala lakini halijafukiwa, anazileta mbele. Nyuma kunabaki kuta tupu. Anasema "subirini nifukie kwanza", anaambiwa kufukia ni kazi ya wiki ijayo. Udongo tunaochimba tunaulundika ukingoni kabisa, hakuna nafasi nyingine, na ukilowa unakuwa mzito kama chuma.

Kila mtu anaona. Hakuna anayesema. Tumejifunza kuzungumza vingine. Tunasema "tutaona". Tunasema "taratibu". Jana nimemsikia mtu akisema "Mungu yupo" huku akishuka ngazi.

Jumanne, Aprili 1

Misumari amekufa.

Jumatano, Aprili 2

Nimeshindwa kuandika zaidi jana. Nitaandika leo, kwa kuwa uliniambia niseme kweli.

Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi. Alishuka nyuma peke yake kung'oa mbao. Mimi nilikuwa juu nikizipokea. Alinipa ya kwanza, akanipa ya pili. Alipogonga mti wa katikati, ukuta wa kushoto ulitoka mzima mzima, kama mtu aliyekuwa ameegemea mlango ukafunguliwa. Haukupiga kelele. Ulimbana na ukuta wa pili hadi kifuani. Kichwa na mikono vilikuwa nje. Alikuwa akinitazama, misumari ingali midomoni.

Tuliruka sote. Tukachimba kwa mikono, maana beleshi lingemkata. Nilimtoa misumari mdomoni mmoja mmoja ili apumue. Akasema, "Polepole." Hilo tu. Watu walipomsikia wakafurahi, wakasema anaongea huyu, yuko salama. Lakini udongo unapombana mtu kifuani, kila akitoa pumzi unasogea, na pumzi inayofuata inakuwa ndogo kuliko ile. Nililiona hilo likitendeka. Tulipomfikia kiunoni alikuwa ameshamaliza.

Shemeji alikuwa kando yangu, kucha zake zinatoka damu. Dereva wa winchi alikaa juu ya bomba akilia kama mtoto. Bwana Sawa alisimama kwenye mvua bila kofia, akirudia, "Ni mvua hii. Ni mvua hii jamani."

Mhandisi alifika baadaye. Alipiga magoti kwenye matope, akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Kisha akauliza swali. Bwana Sawa akamjibu, akionyesha mawinguni.

Alhamisi, Aprili 3

Jumanne ile ile jioni Bwana Sawa alinipa simu ya Misumari. "Wewe ulikuwa unalala naye chumba kimoja. Mimi siwezi." Nikaona angalau neno hilo, "siwezi", lina mwenyewe.

Mkewe alipokea upesi. Aliona namba ya mumewe, akaanza na maneno yale yale: "Umekula?"

Nikasema, "Mama, huyu si yeye. Mimi ni mwenzake wa kazini."

Nikamwambia. Sijui nilimwambiaje.

Akasema, "Haiwezekani."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Kaka, haiwezekani. Jana tumeongea. Alisema amekula viazi, nikamwambia viazi si chakula. Haiwezekani, kaka. Mpe simu."

Ijumaa, Aprili 4

Shemeji kaniambia kitandani, bila mimi kumuuliza, kwamba Waingereza nao husema hivyo hivyo. Wakipewa habari ya kitu kilichokwisha kutokea, wanasema imposibo. "Wanajua kimetokea," akasema. "Ila wanalisema."

Kitanda cha tatu kimebaki na godoro tupu.

Jumamosi, Aprili 5

Mwili umesafirishwa kwenda kwao. Gari lilijaa watu wa ofisini waliokwenda kuzika, sisi tukaambiwa tubaki kazini. Sanduku la zana zake limesahaulika chumbani. Nimelisukuma chini ya kitanda changu ili lisiibiwe. Msumeno, nyundo, patasi, pima maji.

Jumatano, Aprili 9

Kazi imerudi. Lori moja la mbao limekuja, nusu tupu. Kifuniko kimetundikwa kwenye msumari wa kibanda cha stoo. Nilidhani kitatupwa.

Jumamosi, Aprili 12

Shemeji amepewa usaidizi. Kofia nyeupe. Yeye ndiye atakayesimamia watu wa chini kabisa, wanaounga bomba kwa pete za mpira. Amekuja chumbani nayo kichwani.

"Unamwambia nini mama yako?" nikamuuliza.

"Kwamba nimepanda cheo."

"Umepanda kwa kushuka."

"Shemeji, una wivu."

Nikageukia ukuta nikalala.

Jumapili, Aprili 13

Sikutaka kumsema vibaya mdogo wako kwenye daftari utakalosoma wewe. Lakini jana nilimchukia. Leo nimemwona akiisugua kofia ile kwa mswaki, taratibu, nikakumbuka kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenu kupewa cheo chochote. Nimemwachia kipande kikubwa cha mkate.

Nimemwomba: "Wewe una Kiingereza. Mwambie yule mama udongo wa mbele haushikiki."

"Nikimwambia, kesho kofia anavaa mwingine, na mtaro unachimbwa vile vile."

Jumanne, Aprili 15

Mvua usiku na mchana.

Jumatano, Aprili 16

Ukingoni, nyuma ya lundo la udongo, kuna ufa. Jana ulikuwa kama uzi. Leo kidole changu kimeingia. Unakwenda sambamba na mtaro, mrefu kuliko bomba. Nimemwonyesha Bwana Sawa.

"Ardhi inakauka inapasuka, ni kawaida," akasema.

"Inakauka wapi? Tumelowa hadi nguo za ndani."

"Beleshi," akaniita kwa jina langu la kazini, sauti ya chini, karibu ya kuomba. "Imebaki mabomba mawili. Mawili tu."

Alhamisi, Aprili 17

Samahani kwa mwandiko.

Asubuhi ufa ulimeza mkono wangu hadi kwenye kifundo. Chini walikuwa watu wanne, shemeji kati yao, amechuchumaa mdomoni pa bomba akiweka mpira. Nikaona kofia nyeupe kutoka juu, ndogo kama kikombe.

Nikaenda kwa Bwana Sawa nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Haiwezekani. Watoe watu."

Mabeleshi yakasimama. Tangu Misumari, hakuna aliyekuwa amelitamka. Bwana Sawa alinitazama. Nadhani kama angekuwa peke yake angenisikiliza. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mtu mmoja, kwa mazoea tu, akasema, "Medali." Bwana Sawa akashika hilo kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Akacheka. Akaenda stoo akakileta, akanivisha. Hakuna aliyesema "bingwa".

Hapo gari la mhandisi likaingia.

Alishuka, akauliza. Bwana Sawa akajibu, nikasikia sawa yake ya Kiingereza, "okei", mara mbili. Mhandisi akaangalia saa yake, akaanza kurudi garini. Mke wangu, mimi wakubwa wa kazi huwa siwaendei. Lakini niliiona ile kofia kule chini, nikamwona mama yako pale kituoni. Nikatembea, kifuniko kinanigonga, nikasimama kati yake na mlango wa gari.

"Imposibo," nikasema.

Bwana Sawa akaja mbio. Akamweleza huku akionyesha kifuniko changu, na nikaelewa bila kujua lugha: ni mchezo wetu, madamu, akilitamka anavaa hiki. Mhandisi akatabasamu. Tabasamu jema kabisa, la mtu anayefurahi kuona wafanyakazi wake wanataniana.

"Imposibo," nikasema tena. Nilikaza pale penye *po*.

Tabasamu likapungua. Akanitazama macho akaniuliza kitu. Najua aliniuliza kwa nini. Nami sikuwa na neno la pili. Msimu mzima nilikuwa na neno moja. Nikageuka kumtafuta shemeji anisaidie, shemeji yuko chini.

Nikauvua ule waya shingoni. Nikaenda ukingoni, naye akanifuata, Bwana Sawa nyuma yake akisema na kusema. Nikapiga goti. Nikakisimamisha kifuniko kwa ubavu juu ya ufa, nikakiachia.

Kikaingia. Waya ukakifuata kama mkia wa panya. Tukasubiri kisikike kinatua, hatukusikia.

Mhandisi alipiga yowe moja kuelekea chini. Lilikuwa la lugha yake ya nyumbani nadhani, hata Kiingereza halikuwa, lakini watatu walikuwa wameshika ngazi kabla hajalimaliza. Shemeji alibaki. Alikuwa ameshikilia mpira, hajui kuna nini, anadhani amekosea kazi.

"Panda!" nikapiga kelele.

"Bado kidogo, nimeukaribia!"

"Panda, mwana wa mama yako, panda!"

Alipanda akiwa amekasirika. Kichwa chake kilipofika juu alikuwa akinitukana. "Unanifanya nini mbele ya watu, shemeji? Unanifanya nini?"

Na ukuta haukuanguka.

Tulisimama kwenye mvua, sote, tukiutazama. Pampu inanguruma chini. Watu wakaanza kusogezasogeza miguu. Bwana Sawa akasema jambo kwa mhandisi, kwa upole, naye macho yake yakabaki ukutani. Shemeji alikuwa ametupa kofia chini. Nikaanza kuona aibu. Nikawaza, pengine nilikuwa na hofu tu, hofu ya mtu aliyemtoa mwenzake misumari mdomoni. Niliwaza namna nitakavyomwomba radhi mdogo wako.

Tulikuwa tumeshaanza kugawa chakula ukuta ulipokwenda. Haukuanguka kama kitu kinachoanguka. Ukingo wote, na lundo lote, na mbao zote za Misumari, vilishuka pamoja, vikajaza mtaro hadi juu. Pampu ililia kidogo chini ya udongo, ikanyamaza.

Shemeji alikaa chini palepale kwenye matope. Sahani ilikuwa bado mkononi mwake.

Ijumaa, Aprili 18

Nimeamka nimekuta shati langu limefuliwa na kuanikwa. Mdogo wako hajawahi kufua hata soksi yake tangu tufike.

Jumamosi, Aprili 19

Mhandisi alituita sote mbele ya kibanda. Hakumtaka Bwana Sawa atafsiri, akamtaka shemeji. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini hakuna aliyemwambia?

Bwana Sawa alikuwa anatazama buti zake.

Shemeji akamjibu mwenyewe, kwanza kwa Kiingereza, kisha akatugeukia kwa Kiswahili ili tujue alichosema: "Nimemwambia aliambiwa. Fundi mbao alimwambia tarehe kumi na saba ya Machi, na kauli yake haikufika. Na nimemwambia mimi nilisikia kwamba haikufika."

Akavua kofia nyeupe akaiweka mezani. Mhandisi hakuigusa.

Jumapili, Aprili 20

Bwana Sawa alikuja chumbani kwetu, akakaa kwenye kitanda cha tatu kwa kuwa hapakuwa na kiti. Ameondolewa kwenye mtaro, anakwenda kutunza stoo. Akatuambia kwamba zamani, kazi nyingine, aliwahi kumwambia bosi haiwezekani. Alikuwa sahihi. Kabla ya jioni alikuwa njiani kurudi kwao na mabegi. "Tangu hapo nikaona bora watu walicheke lile neno," akasema. "Mtu akilicheka halimtoki mdomoni."

Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Nikampa chai.

Ijumaa, Aprili 25

Jumanne asubuhi mhandisi alinijia mimi, na shemeji akasimama pembeni akitafsiri. Alitaka neno letu la imposibo. Nikamwambia: ha-i-we-ze-ka-ni. Akalivunja vipande vipande, akalikanyaga, akaliacha katikati akarudi mwanzo. Watu wakamcheka, naye akacheka. Kisha akasema hilo analitaka kutoka kwetu kila siku likihitajika, na yeye atalielewa bila mtu katikati.

Sasa kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, anakuja kwanza kwetu kabla ya mitaro mingine. Anamtazama kila mtu machoni: "Inawezekana?" Na anasubiri. Siku ya kwanza wote tulisema ndiyo kwa mazoea. Siku ya pili dereva wa winchi alikohoa, akasema kamba ya winchi imekatika nyuzi, leo haiwezekani. Akajiinamia akingoja kuvishwa kitu. Mhandisi akaenda kuitazama kamba.

Ubao bado upo getini. Ni wa kampuni.

Jumatatu, Aprili 28

Mbao zimekuja, malori mawili. Tunachimba upya, mbali na ule udongo wa kujazia. Ni kazi ngumu sana, ngumu kupita kiasi.

Ijumaa, Mei 16

Bomba limefika barabarani.

Jumatatu, Mei 19

Tumemaliza. Tunarudi, mke wangu, lakini tutachelewa siku moja. Tunalipeleka sanduku kwa wenyewe.

Jumatano, Mei 21

Ninaandika nikiwa kwenye mkeka, nyumbani kwa Misumari.

Mkewe ni mwanamke mfupi, mkono wake mmoja una kovu la moto. Tulipomwambia sisi ni akina nani alisema, "Nyinyi ni wale mliokuwa mnamcheka nikipiga simu." Tukakubali. Akafungua sanduku akatoa kitu kimoja kimoja, akakiweka sakafuni. Pima maji aliiinamisha, akakitazama kile kiputo kikienda na kurudi, hadi kikatulia.

Akauliza bila kutuangalia: "Ingewezekana asife?"

Shemeji akatazama chini. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno mengine, ya pole, ya kwamba siku ikifika imefika. Niliyatafuta sikuyapata.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Iliwezekana. Alisema kabla, na hatukumsikiliza. Mimi nilikuwepo nikacheka."

Alikaa akiwa ameishika ile pima maji mapajani. Mtoto alichungulia mlangoni, akarudi nje.

"Wote waliokuja hapa," akasema hatimaye, "na wale wa ofisini na gari lao, waliniambia haikuwezekana kufanya lolote. Nimekaa na hilo neno tangu siku ile, na lilikuwa haliniingii."

Akainuka, akazirudisha zana sandukuni, nyundo mwisho.

"Mmekula?" akatuuliza.